KITI CHA BAISKELI SI JAMBO DOGO

Wanachama wenzangu,

Naomba nafasi katika karatasi hizi zetu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twaona haya kulitaja, nalo ni kiti cha baiskeli. Najua ya kwamba wako watakaocheka. Watasema, "Mishahara haitoshi, nyumba za watumishi zavuja, naye huyu atuletea habari za kiti!" Nawasihi wanicheke wakiisha kusoma, wala si kabla. Maana nasadiki ya kwamba baiskeli aliyopewa mtumishi bila ya kupimwa na mwili wake haijatolewa bado. Imehama tu kutoka ghala moja kwenda ghala jingine. Nasadiki vile vile ya kwamba wako watu wa Kibiti na wa delta ya Rufiji waliokosa kufikiwa na mtumishi wa serikali, si kwa uvivu wake, bali kwa ajili ya nati moja ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ana ruhusa ya kuilegeza.

Nitaanza na habari zangu mwenyewe, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni madaftari, lakini madaftari ya huku hayaji yenyewe mezani. Hapana budi kuyafuata vijijini. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilipata baiskeli mpya kadha wa kadha, nami nikawa mmoja wa waliobahatika. Tuliitwa mbele ya ghala, tukatia sahihi, tukapigwa picha, tukaambiwa, "Hii ni mali ya umma, asiiguse mtu kwa spana." Viti vyote vilikuwa vimeshushwa hata chini kabisa, kama vilivyotoka katika maboksi, na karatasi za kiwandani zilikuwa bado zimefungwa kwenye vyuma. Mimi ni mtu mrefu. Mwenzangu aliyesimama kando yangu ni mfupi wa kunifikia begani. Baiskeli zetu zilikuwa sawa sawa, na viti vyake vilikuwa sawa sawa.

Wasomaji walio mbali na sisi wataka kujua njia zetu zilivyo. Barabara ya lami itokayo Dar es Salaam hupita Bungu, Kibiti na Ikwiriri, ikavuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Juu ya lami hiyo baiskeli yoyote ni nzuri. Lakini kazi yetu haiko juu ya lami. Ukiiacha kwa kushika njia ya kwenda Nyamisati, waingia katika mchanga wa chini ya mikorosho na minazi, ambao gurudumu hulimeza na kulitapika. Ukishuka kuelekea bondeni, mchanga huwa udongo mweusi, ambao wakati wa masika hushika tairi kama ugali ushikavyo mwiko. Na ukifika delta yenyewe, penye mikoko, baiskeli hupakiwa katika mtumbwi pamoja na samaki na abiria, ikashushwa ng'ambo ikiwa imelowa maji ya chumvi. Safari ya namna hiyo si ya nusu saa. Ni ya kutwa, na pengine ya kutwa na kurudi.

Basi juma la kwanza nalipata maumivu mbele ya magoti yote mawili, chini ya pia ya goti. Nikasema, ni ugeni. Juma la pili ganzi ikaniingia pale katikati ya mapaja, mahali ambapo mtu hawezi kupataja mbele ya wakwe. Ilikuwa ikinishika katikati ya safari na kuniacha usiku. Nikaogopa sana. Sikumwambia mke wangu, wala sikumwambia daktari. Nalinunua vidonge vya maumivu, nikavimeza, nikaendelea. Juma la sita nikaiegemeza baiskeli barazani, nikaanza kukodi bodaboda kwa fedha ya mfukoni mwangu. Na fedha ilipokwisha katikati ya mwezi, nikawa siendi. Madaftari ya vijiji vitatu yalichelewa. Nilipoulizwa, nalijibu ya kwamba njia ilikuwa mbaya. Nalisema uwongo, na hapa naukiri mbele yenu.

Nalidhani ni mimi peke yangu. Kumbe siku moja nalipita katika zahanati moja ya upande wa mtoni, nikaona baiskeli ndugu ya ile yangu imeegemea ukuta, buibui amejenga katika spoki zake. Nikamwamkia Bibi muuguzi, nikamuuliza, "Dada, mbona chombo kimelala?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, chombo hicho chanitesa. Kiti kimeinua pua yake juu, chanikata. Nami nitamwambia nani maneno haya? Bwana mtunza ghala?" Nikamuuliza waliojifungua nyumbani huwatembeleaje. Akanijibu, "Walio karibu nawaendea kwa miguu. Walio mbali nawaombea kwa Mungu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mtumishi aliyesomeshwa, mwenye dawa mkononi na baiskeli ukutani, awaombea watu kwa Mungu kwa kuwa kiti chake kimeinama vibaya, na kwa kuwa hakuna mtu ambaye aweza kumwambia bila ya kuvunjiwa heshima.

Aliyeniponya mimi ni mzee mmoja fundi baiskeli, ambaye hukaa chini ya mwembe na sanduku lake la vyuma. Nalimpelekea kuzibwa tundu la mpira tu. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema, "Bwana karani, hii ni baiskeli ya mwanao?" Nikasema, "La, Mzee, ni yangu." Akasema, "Basi waipanda kama chura. Panda nione." Nikapanda, yeye ameshika usukani. Akatikisa kichwa. Akalegeza nati ya nyuma, akakizungusha kiti huku na huku huku akikivuta juu, akakipandisha karibu shibiri nzima. Akalegeza nati mbili za chini ya kiti, akaishusha pua yake, akakisogeza nyuma kidogo. Robo saa haikutimia. Jioni ile nalikwenda na kurudi bila ya maumivu, nami nalitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikihesabu majuma niliyoyapoteza.

Baadaye nalitafuta kujua kama mzee yule alikuwa na elimu au na bahati. Nikaona ya kwamba ni elimu, tena elimu yenye miaka mingi. Baiskeli ya namna tunayoipanda sisi, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha la nyuma, ilipata umbo lake huko Uingereza mwaka 1885, Bwana John Kemp Starley alipoitoa ile iliyoitwa Rover. Lakini watu walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya viti kabla ya hapo. John Boultbee Brooks, fundi wa ngozi wa Birmingham, alipata hati ya kiti chake cha ngozi mwaka 1882, na husimuliwa ya kwamba alianza kazi hiyo kwa kuwa farasi wake alikufa, akaazima baiskeli, na kiti chake kikamwumiza. Tazameni basi: mwanzo wa kiti kizuri ulikuwa ni mtu aliyekubali kusema ya kwamba ameumia.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, waliandika ya kwamba mpandaji hupata nguvu vizuri zaidi kiti kikiwa mbali na pedeli kwa kadiri ya sehemu 109 kwa kila sehemu 100 za urefu wa mguu wake. Na mwaka 2008 ilitolewa habari ya uchunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani ishughulikiayo usalama na afya kazini, NIOSH, juu ya askari polisi 90 ambao kazi yao ni kulinda mitaa kwa baiskeli. Walipewa viti visivyo na pua, wakavitumia miezi 6. Kabla ya hapo, 27 tu katika kila 100 walisema kuwa hawajapata ganzi. Baada yake wakawa 82 katika kila 100. Nataka wanachama walione jambo hili vizuri. Wale walikuwa watumishi wa umma kama sisi, wanaume wazima wenye silaha kiunoni, nao waliulizwa habari za ganzi ile ile niliyokuwa nikiificha mimi, wakajibu, na majibu yao yakaandikwa. Hakuna aliyewacheka. Ilihesabiwa kuwa ni jambo la kazi.

Sasa nitaeleza jinsi kiti kinavyowekwa, ili anayesoma karatasi hii aweze kuitoa baiskeli yake barazani leo hii.

Kwanza ni urefu wa kiti. Kosa letu kubwa ni kudhani ya kwamba kiti ni kizuri ikiwa mtu akikaa juu yake aweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa utotoni tulipokuwa tukijifunza, nasi hatukuacha. Mwenye kukaa hivyo hukunja magoti kila mzunguko kama aliyechuchumaa, na mbele ya goti ndipo panapolipa. Kaa juu ya kiti, uegemee ukuta au ushikwe na mwenzio, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa imeshuka chini kabisa. Mguu unyoke, lakini kiuno kisiinamie upande. Ukipata hapo, ndipo pake. Utakapopanda kwa desturi, ukikanyaga kwa pale papana pa unyayo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo tu chini ya mzunguko, nayo ndiyo kadiri itakiwayo. Wakati wa kusimama, usibaki juu ya kiti. Shuka mbele yake, ukanyage chini.

Apendaye kuhakikisha kwa hesabu, na makarani twapenda hesabu, asimame bila viatu mgongo ukiwa ukutani, abane daftari la jalada gumu baina ya mapaja hata liguse msamba, mwenzake apime tangu ukingo wa juu wa daftari hata chini. Ikiwa ni sentimita 80, azidishe kwa 1.09, atapata sentimita 87 na kidogo. Huo ndio umbali tangu juu ya pedeli iliyoshuka chini, kwa kufuata bomba la kiti, hata juu ya kiti. Hesabu hiyo si hukumu ya kadhi. Ni mahali pa kuanzia. Mwili ndio utakaosema neno la mwisho. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi husema, "Nipandishe." Maumivu ya nyuma ya goti, au kiuno kinachoyumba kulia na kushoto, husema, "Umenipandisha mno." Sogeza nusu sentimita tu kila mara, kisha panda siku chache kabla ya kusogeza tena.

Lakini angalia sana: chuma kinachobeba kiti kina mstari uliochorwa kuonyesha mwisho wa kukitoa. Usiupite kamwe. Ikiwa mstari haupo, zibaki sentimita 6 na nusu ndani ya bomba, zisipungue. Chuma kilichotolewa kupita kiasi huvunjika, au hupasua bomba la baiskeli, na mpandaji huanguka. Mtu mrefu ambaye mstari unamzuia, baiskeli ile si yake. Apewe iliyo kubwa, au kiti kiwekewe chuma kirefu zaidi.

Pili ni ulalo wa kiti. Kiti na kilale sawa, kama sakafu. Aliye na pimamaji la mwashi na aliweke juu yake. Asiye nalo na aweke rula ya ofisini tangu nyuma hata mbele, aitazame kwa upande. Pua ikiinuka hukandamiza msamba, penye mishipa ya damu na ya fahamu, na ganzi hutoka humo. Pua ikishuka mno, mtu huteleza mbele, akajizuia kwa mikono, viganja na mabega yakachoka. Mwili wetu umeumbiwa mifupa miwili ya makalio kwa ajili ya kukalia. Kiti chema ni kile kinachoibeba mifupa hiyo na kuiacha nyama ya katikati ipumzike. Kwa sababu hiyo, mto mnene wa sponji ambao wengi huufunga juu ya kiti si dawa daima. Mifupa huzama ndani yake, na mto ukainuka katikati, ukabana pale pale palipokuwa pakiuma. Mwenye kupanda wima, usukani ukiwa juu, ataka kiti kipana chenye springi. Mwenye kuinama sana ataka chembamba. Na kwa kuwa wanawake kwa kawaida wana nyonga pana kuliko za wanaume, kiti cha Bwana hakimfai Bibi kila mara.

Tatu ni kusogea mbele na nyuma. Weka pedeli mbili zilingane, moja mbele na moja nyuma. Teremsha timazi, au uzi wenye nati mwishoni, tangu mbele ya goti la mguu wa mbele. Ukishuka karibu na katikati ya pedeli, umepata mahali pa kuanzia. Kwa baiskeli zetu za kupanda wima, kiti hukaa nyuma zaidi ya hapo kidogo, wala si kosa. Lililo kosa ni kukisogeza mbele kabisa ili kuufikia usukani ulio mbali. Afadhali kuusogeza usukani. Usukani nao, baada ya kupandisha kiti, huenda ukawa chini mno. Legeza nati yake ya juu, ugonge polepole kwa kipande cha ubao, uupandishe hata ulingane na kiti au uwe juu yake kidogo, ukiuchunga mstari wake wa mwisho kama ule wa kiti.

Nne, nalo ni la kwetu hasa, ni kutu. Baiskeli ya delta huoga chumvi. Chuma cha kiti kikikaa miezi bila ya kutolewa hushikana na bomba, wala hakuna nguvu itakayokitoa. Hapo kiti hubaki kama kilivyo mpaka baiskeli ife. Kitoe mara moja kwa mwezi, kifute, kipake grisi nyembamba, kirudishe. Weka alama ya rangi au funga uzi kabla ya kukitoa, ili ukirudishe pale pale. Na ikiwa baiskeli moja yatumiwa na watumishi wawili, kama ilivyo katika ofisi nyingi, kila mmoja awe na alama yake ya rangi kwenye chuma hicho. Kubadili ni kazi ya dakika moja kwa spana moja.

Katika mchanga mzito, ambapo mtu hulazimika kukanyaga chini mara kwa mara, mgeni na ashushe kiti kwa upana wa kidole mpaka azoee. Lakini asikae na kidole hicho mwaka mzima.

Sasa nazijua hoja zitakazoletwa, nami nataka kuzijibu moja moja.

Wa kwanza atasema, "Mwili huzoea." Ni kweli nusu. Makalio ya mgeni huuma siku za kwanza, nayo huzoea. Kiti cha ngozi nacho hulainika na kufuata umbo la mwenyewe. Lakini goti haliizoei dhuluma, wala ganzi si mazoea. Ganzi ni mwili unaokwambia ya kwamba mahali fulani pamebanwa. Mwenye ganzi isiyoondoka na aende kwa daktari, asimeze vidonge kwa siri kama nilivyofanya mimi.

Wa pili atasema, "Zama za baiskeli zimepita, tudai pikipiki." Sipingi pikipiki. Mwaka 2022 serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki, na jambo lile lilikuwa jema. Lakini si kila kada ilipewa, na pikipiki hunywa mafuta ambayo fungu lake huisha kabla ya mwezi kuisha. Tena katika mtumbwi mwembamba wa kuvuka vijito vya delta, baiskeli hubebwa na mtu mmoja. Naikumbuka Aprili ya mwaka 2024, mafuriko yalipofunika mashamba na njia za Rufiji na Kibiti: chombo ambacho mtu aweza kukitia begani akavuka nacho hakikosi thamani. Kudai pikipiki ya kesho si sababu ya kuumia na baiskeli ya leo.

Wa tatu, naye ndiye mwenye nguvu, atasema, "Mali ya umma haiguswi kwa spana." Bwana huyu ana nia njema. Ameona vifaa vya serikali vikifunguliwa na kuuzwa vipande vipande, naye anaogopa kuulizwa. Namheshimu. Lakini namwomba afikiri. Nati ile haikuwekwa na kiwanda kwa ajili ya kufungwa milele. Iliwekwa ili ilegezwe. Je, kiti cha ofisini chenye kupanda na kushuka, karani akikishusha, ameharibu mali ya umma? Mali ya umma inayoharibika ni ile iliyolala barazani kwa buibui na kutu, huku kitabu cha ghala kikionyesha kuwa iko kazini. Na mali ya umma iliyo kubwa kuliko baiskeli ni mtumishi mwenyewe na magoti yake.

Wa nne atasema, "Ni jambo dogo." Kwake nimekwisha kuandika karatasi hizi zote.

Basi naleta mbele ya Chama maombi manne, yajadiliwe katika mkutano wetu.

La kwanza: kila baiskeli zinapotolewa, itengwe saa moja na aitwe fundi mmoja wa mahali hapo, kila mtumishi apande mbele yake, apimwe, kiti kiwekwe. Mafundi wako Bungu, wako Kibiti, wako Ikwiriri, na ujira wao ni mdogo kuliko gharama ya picha tunazopigwa.

La pili: hati ya kupokelea baiskeli iongezwe mstari mmoja wa kuandikia urefu wa kiti kwa sentimita. Twaandika namba ya baiskeli ili isipotee. Tuandike na kipimo cha mwenyewe ili asipotee yeye. Na katika hati hiyo iandikwe wazi ya kwamba mtumishi ana ruhusa ya kurekebisha kiti na usukani.

La tatu: kila ofisi iwe na spana ya nati za kiti na kopo la grisi, vikae penye ufunguo unaopatikana, si katika sanduku la mtu aliye safarini.

La nne: watumishi wanawake waulizwe kabla ya ununuzi, si baada yake, wachague baiskeli isiyo na bomba la juu na kiti kipana ikiwa ndicho wakitakacho. Na aulizaye awe mwanamke mwenzao, ili waseme bila ya haya.

Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa miongoni mwao, walituachia desturi njema, nayo ni watumishi kukutana na kuyasema mambo yao kwa utaratibu. Desturi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mambo makubwa tu. Mambo makubwa husemwa na wengi, hata na wasiohusika. Jambo dogo lenye haya ndani yake ndilo lihitajilo chama, kwa kuwa mtu mmoja mmoja hawezi kulisema.

Nami namalizia kwa habari moja. Baada ya kuponywa na mzee yule nalimwazima spana yake, nikarudi katika zahanati ya mtoni. Sikuigusa baiskeli ya Bibi muuguzi. Nalimpa spana mkononi, nikamwonyesha nati, nikatoka nje na kukaa chini ya mnazi nikizungumza na wagonjwa. Alijifungia nyuma ya zahanati pamoja na mhudumu mwenzake, mwanamke. Walikaa humo muda mrefu, tukasikia wakicheka. Kisha akaitoa, akaipanda, akazunguka uwanja mara mbili, akapita mbele yetu bila ya kusimama, akashika njia ya kwenda kijiji cha pili. Wagonjwa wakaniuliza aenda wapi. Nikawaambia ya kwamba kule kuna mama aliyejifungua siku nne nyuma, naye alikuwa bado hajatembelewa.

Ndugu zangu, kabla hamjaifunika karatasi hii, nendeni barazani mkaitazame baiskeli yenu. Ikiwa kiti kiko kama kilivyotoka katika boksi, leteni spana.

Wasalaam,

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI MPANDA BAISKELI,
Kibiti.